Siku Fuko Alipotia Saini

Jumanne, tarehe kumi na saba Juni. Ukungu mwembamba, manyunyu kidogo, jua linachungulia.

Hivyo ndivyo bawabu alivyoandika juu ya ukurasa mpya wa kitabu cha wageni, kwa herufi zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride. Hakuna mtu aliyemtuma kuandika habari za hali ya hewa. Kitabu kilitaka mambo manne tu: jina la mgeni, anakotoka, sababu ya kuja, na saini. Lakini bawabu alianza kujifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye ndevu, kwenye masomo ya jioni, na huko mwalimu wake hakufundisha neno lolote kabla ya kuandika ubaoni tarehe na hali ya hewa. Tangu hapo bawabu aliona kwamba siku ambayo haijaandikwa ni kama mlango ambao haujafunguliwa. Alipomaliza alifumba macho, akaweka kiganja juu ya ukurasa mtupu, akamwombea kila mtu ambaye jina lake lingeandikwa pale kabla jua halijazama. Kisha akaichomeka kalamu juu ya sikio. Kwa ajili ya kalamu hiyo watu wote wa kazini walimwita Mzee Kalamu.

Kazini kwenyewe palikuwa studio ya katuni, nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi nyembamba na harufu ya wino, rangi na chai. Humo ndimo ilimotengenezwa "Genge la Fuko", katuni iliyowafanya watoto waache chakula chao kipoe mezani. Ilihusu wezi watatu ambao hawakuwahi kufanikiwa kuiba hata sindano. Fuko, kiongozi wao, alivaa miwani mizito na kuchimba mashimo yaliyotokea pasipotakiwa. Siku moja alichimba kuelekea duka la vito, akaibukia katikati ya kituo cha polisi, akaomba radhi, akarudi shimoni, akachimba upya, akaibukia palepale. Nyegere alikuwa na nguvu za kung'oa mlango wowote, ila kila mara aling'oa ule uliokuwa wazi. Na Kinyonga, ambaye kazi yake ilikuwa kujificha kwa kubadilika rangi, alibadilika vizuri sana lakini alichelewa: akifika kwenye ukuta mwekundu, bado ana rangi ya kijani ya ukuta wa nyuma.

Bawabu alikuwa amefanya kazi pale miaka tisa na bado hajazoea. Siku yake ya kwanza mchoraji mkuu, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa wino, alimwita mezani kwake, akamwonyesha rundo la karatasi. Kwenye kila karatasi kulikuwa na Fuko amesimama, amekufa ganzi kama picha yoyote ukutani. Kisha akaziachia karatasi zipite haraka chini ya kidole gumba, na Fuko akatembea. Bawabu aliruka nyuma, mgongo ukagonga kabati. Jioni ile nyumbani hakula. Alikaa kitandani akiwaza: picha mia mbili, zote zimekufa, na katikati ya picha na picha hakuna kitu, ni nafasi tupu. Sasa uhai unaingilia wapi? Alipiga magoti akasema, "Ee Mungu, mimi nilidhani uliumba mara moja tu." Tangu siku hiyo, kila alipopita mbele ya meza ya mchoraji, ile ya kioo yenye taa chini yake, alivua kofia.

Asubuhi hiyo mchoraji mkuu aliteremka ngazi na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, Mzee Kalamu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo uso unang'aa hivyo?"

"Wageni wetu wa leo nawaonyesha ile yako."

"Yangu ipi?"

"Ya kitabu cha wageni! Tumeimaliza jana. Watoto thelathini na wawili wataiona kabla ya mtu mwingine yeyote duniani."

Bawabu alishika ukingo wa meza.

"Mzee, mbona umebadilika rangi? Unataka kumnyang'anya Kinyonga kazi?"

"Si ulisema mtawaonyesha ile ya shimo?"

"Ya shimo wameiona kwenye televisheni mpaka wanaijua kwa kichwa. Halafu ni darasa la binti yako, na mjukuu wako yumo. Umenipa kisa wewe, watu wako wakione kwanza. Haki ni haki." Akapanda ngazi akipiga mluzi, akamwacha bawabu peke yake na kitabu chake.

Na hapo ndipo penye jambo. Miezi sita iliyopita, siku ya mvua, mchoraji alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni ameshika tama, hana wazo hata moja la sehemu mpya. Bawabu akamwonea huruma, akamsimulia habari za rafiki yake mmoja wa zamani, mwizi aliyeponzwa na kitabu cha wageni. Mchoraji alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Huyo rafiki yako yuko wapi sasa?" Bawabu akajibu kwamba yupo, anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Kesho yake mchoraji alimletea karatasi kubwa nyeupe. "Mzee, niandikie jina la Fuko kwa mkono wako. Nataka mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani. Sisi tukijaribu tunaigiza tu." Bawabu alijua ni hatari. Lakini mtu akimpa kalamu mkono wake haukuwa na nguvu za kukataa, na akaandika.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na rafiki yeyote. Mwizi alikuwa yeye.

Miaka ishirini na minane iliyopita, yeye na wenzake wawili walikwenda mchana kweupe kuiba. Walikamatwa, wakafungwa kama walivyostahili, na yeye alipata miaka miwili. Binti yake alikuwa na miaka minne. Mama yake alimwambia, "Baba amekwenda mbali, kikazi," na neno hilo likabaki hivyo. Mama sasa alikuwa amelala kaburini, na siri hiyo ilikuwa imebaki kwa wawili tu: bawabu na Mungu.

Kama ingekuwa siri ya hivihivi, labda angeivumilia. Lakini binti yake alikuwa ameijengea nyumba. Kutoka huko mbali baba alikuwa ameandika barua kumi na moja, akijifunza herufi mpya kwa kila barua, na binti alizitunza zote kwenye kopo la biskuti. Alipokua akawa mwalimu wa shule ya msingi kwa ajili ya barua hizo. Kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa, aliwasomea watoto moja, akawaambia, "Baba yangu aliandika hii akiwa mbali, baada ya kazi ngumu ya kutwa, hana mtu wa kumshika mkono. Nani hapa atasema kuandika ni kugumu?" Bawabu aliishi nyumbani kwa binti huyo, chumba cha uani. Kila alipoliona kopo lile juu ya kabati, aligeuza uso.

Alifikiria kusingizia jino. Alifikiria kwenda sokoni na kuchelewa kurudi. Mwisho akaingia kwenye kibanda cha ufagio, akafunga mlango, akaomba: "Ee Mungu, umeme ukatike leo. Saa moja tu." Alipotamka "amina" aliona haya. Mtu wa umri wake anamtuma Mungu kazi ya fundi umeme! Akaomba upya. "Basi usiukate. Ila unishike mkono."

Umeme haukukatika.

Saa nne watoto walifika wawili wawili wameshikana mikono, na mbele yao binti yake amebeba mfuko wa madaftari. Mjukuu alikuwa safu ya kwanza. Alikuwa na miaka tisa, na darasani walimwita Mbona, kwa kuwa hakujua kuanza sentensi kwa neno lingine.

"Babu! Mbona umevaa tai?"

"Nina wageni wakubwa leo."

"Mbona hukuvaa jana alipokuja yule mkubwa wa televisheni?"

"Jana sikuwa na mgeni aliyenizidi akili."

"Shikamoo, Baba," alisema mwalimu. Aliinama juu ya kitabu na kutia saini yake ya haraka. Kwenye sababu ya kuja aliandika: *Kujifunza.* Kisha akamtazama. "Huumwi wewe? Mikono imekuwa baridi."

"Ni ukungu, mama."

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye mapazia meusi na mikeka sakafuni. Bawabu alikusudia kusimama mlangoni ili akizidiwa apate njia, lakini Mbona alimvuta mkono mpaka katikati, akamkalisha kati yake na mama yake kama mzigo unaogopewa kuibwa. Taa zikazimwa. Ukutani kikatokea kibao kilichochorwa kwa chaki: *Genge la Fuko. Sehemu ya arobaini na tatu. Fuko Atia Saini.*

Watoto walipiga kelele kama paa linang'oka.

Fuko alikuwa darasani jioni, miwani imeteleza puani, ulimi umetoka nje kwa bidii. Wiki tatu nzima alijifunza kuandika jina lake. Wiki ya kwanza alivunja kalamu, ya pili alivunja meza, ya tatu jina likatoka, na Fuko akalikumbatia daftari akazunguka nalo chumbani kama anacheza na bibi harusi. Kesho yake Nyegere na Kinyonga wakamjia na mpango: watavaa ovaroli za mafundi, wataingia ofisini kwa Mkurugenzi Tembo, wataichukua sefu, na hakuna atakayewashuku.

Bawabu alikaza macho. Safari hii Nyegere alikuwa amepewa mabega ya Tingatinga, mmoja wa wale wenzake wawili wa zamani, aliyevunja vikombe kwa kuvishika tu. Na Kinyonga alibishana kama yule waliyemwita Kamusi kwa kuwa alijua kila kitu isipokuwa kusoma. Bawabu alikuwa amemweleza mchoraji sura zao kwa maneno machache sana. Mchoraji ameziona wapi?

Getini kulikuwa na Kobe, bawabu mzee. Alikisukuma kitabu mbele polepole kiasi kwamba jua lilihama. "Jina, tafadhali."

"Andika la uongo!" alinong'ona Kinyonga.

Fuko alikaa na kalamu hewani. Jasho likamtoka. "Siwezi," akanong'ona.

"Huwezi nini?"

"Najua kuandika jina moja tu."

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Watoto waligaragara kwenye mikeka, wengine wakapigana mabega. Mtoto mmoja mnene wa nyuma alicheka mpaka akapata kwikwi. Na bawabu, katikati ya kicheko hicho, alikuwa amerudi kwenye meza ile ya miaka ishirini na minane iliyopita. Aliiona kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi. Aliona mstari uliomsubiri. Tingatinga alimkanyaga mguu, Kamusi akakohoa, na yeye alijua kabisa kwamba anajimaliza. Lakini hajawahi mtu kumwambia andika jina lako hapa. Maisha yake yote walimwambia weka kidole gumba.

Ukutani Fuko aliandika. Kalamu ilikwaruza kwa sauti, na herufi zikatokea moja moja, kubwa, zimesimama wima: *Fuko wa Fuko wa Fukufuku.* Kisha mkia wa herufi ya mwisho ukarudi nyuma, ukapita chini ya jina lote kama kamba ya kuanikia nguo, ukaishia kwenye nukta tatu.

Mwalimu aliacha kucheka.

Bawabu hakugeuka, ila alihisi bega la binti yake limekuwa gumu. Barua kumi na moja zilikuwa na mkia ule. Barua kumi na moja zilikuwa na nukta zile tatu.

Fuko aliendelea. Kwenye sababu ya kuja alikwama, kwa hiyo akanakili mstari wa mtu aliyemtangulia: kumwona mkurugenzi. Kobe akawapeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi. "Mafundi!" Tembo akawakumbatia wote watatu kwa mkonga mmoja. "Nimewasubiri tangu juzi. Nimefunga sefu, nambari zake nimezisahau. Ifungueni, chonde chonde!"

Yaani mwenye mali mwenyewe anawabembeleza waifungue. Na hawakuweza. Nyegere alivuta mpini ukatoka mkononi, akaurudisha kwa adabu. Fuko alichimba sakafu kuingia sefuni kwa chini, akaibukia ndani ya chungu cha maua, kichwani ana ua. Kinyonga alijibanza kwenye sefu kusikiliza nambari, akawa rangi ya chuma, wenzake wakamtafuta nusu saa wakimkalia. Tembo akawaletea chai. "Msikate tamaa, vijana! Mna moyo nyinyi!" Jua lilipoanza kushuka Nyegere, hoi, alijitupa na mgongo wake juu ya mlango wa sefu, nao ukafunguka wenyewe. Haukuwa umefungwa kamwe, ulikuwa umekwama. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu, karatasi ndogo ambayo Tembo alikuwa ameandika nambari za sefu, asije akazisahau.

Sasa hata mchoraji mkuu, kwenye mashine yake nyuma, alisikika akicheka. Bawabu alisikiliza kicheko hicho kinavyozunguka chumba. Gerezani alikuwa amelia machozi kwa ajili ya siku ile. Aliitubia kila asubuhi kwa miaka. Alidhani kuna namna moja tu ya kuondolewa aibu, nayo ni kusahauliwa. Na kumbe ilikuwa imechukuliwa kipande kwa kipande, picha kwa picha, ikapakwa rangi, ikawekwa mbele ya watoto thelathini na wawili, na katika mikono yao ikawa kitu chepesi kama puto. Nani anayeweza kufanya hivyo? Mchoraji alichora, hilo sawa. Lakini ile nafasi tupu katikati ya picha na picha, nani aliingia humo?

Mafundi wa kweli walitokea getini na wale watatu wakatoka mbio. Kesho yake polisi, mbwa mpole mwenye sharubu, aligonga mlango wa Fuko na kitabu kwapani.

"Wewe ndiye Fuko wa Fuko wa Fukufuku?"

"Umejuaje jina langu?"

"Nimelisoma hapa."

Fuko alisogea karibu. "Umelisoma? Wewe mwenyewe? Bila kusaidiwa?"

"Linasomeka vizuri sana," alisema polisi.

Na Fuko, mikono yote miwili ndani ya pingu, alitoa tabasamu lililojaa ukuta mzima, na chozi moja likateremka chini ya miwani.

Hakuna mtoto aliyecheka hapo. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

Taa ziliwashwa. Mchoraji mkuu alikuja mbele akijifuta macho. "Haya, maswali!"

Mkono wa kwanza ulijulikana ni wa nani.

"Mbona Fuko alifurahi na amekamatwa?"

"Swali zuri. Sikulitunga mimi. Kisa hiki nilipewa na babu yako. Kilimpata rafiki yake wa zamani, hata maneno ya yule polisi ni ya kweli."

Vichwa thelathini na viwili viligeuka kwa pamoja, na cha thelathini na tatu kilikuwa cha mwalimu. Alimtazama tu baba yake, kama mtu anayeshika barua na hajaamua kuifungua.

"Babu," alisema Mbona, "huyo rafiki yako ni nani?"

Njia bado ilikuwepo. Neno moja tu: humjui, alihama, alikufa. Bawabu aliuangalia mlango, akauona uko karibu kuliko alivyodhani. Kisha akakumbuka alichoomba kwenye kibanda cha ufagio, akaona itakuwa ni utovu wa adabu kuomba ashikwe mkono halafu auvute. Akapiga moyo konde, akasimama, akatoa kalamu sikioni akaishika kwa mikono miwili.

"Hakuna rafiki, mjukuu wangu. Fuko ni mimi."

Mtoto wa nyuma, yule wa kwikwi, alisema, "Weee!"

"Ni kweli. Nilikwenda kuiba. Hata kama hatukupata kitu, nilikwenda kuiba cha mtu, na hilo halichekeshi. Nilifungwa miaka miwili." Akamtazama Mbona. "Unaniuliza mbona nilifurahi. Yule polisi alikuwa mtu wa kwanza duniani kusoma kitu nilichoandika. Nilijua nakwenda gerezani, na bado moyo uliniruka. Nikajiambia, kumbe ninaweza kuwa mbali na mtu akanijua. Ndiyo maana nikaandika zile barua."

Akamgeukia binti yake. Ilikuwa vigumu kuliko kuwageukia wote.

Mwalimu alikuwa amesimama. "Barua uliandikia gerezani."

"Ndiyo, mama. Mfungwa mmoja alituonyesha herufi jioni, kuandika niliandika peke yangu."

"Ule ukuta mrefu ambao ndege wanatua juu yake."

"Ulikuwepo."

"Na kengele ya alfajiri. Na wenzako mliolala chumba kimoja, mmoja anakoroma kwa zamu na mwingine."

"Yote. Sikuandika uongo hata mstari mmoja, mwanangu. Niliacha tu kusema ni wapi."

"Uliacha tu!" Sauti yake ilipanda, na watoto wa mbele wakajivuta nyuma. "Umeacha tu kwa miaka ishirini na minane! Nimesimama mbele ya madarasa mangapi na barua zako mkononi, Baba? Nikiwaambia watoto wa watu alikuwa mbali kikazi? Umenifanya nidanganye kwa mdomo safi!"

Bawabu alishusha kalamu. Alikuwa ameogopa kwamba angemdharau kwa wizi. Hakuwahi kufikiria kwamba kilichomuumiza kingekuwa hicho, na sasa alipokiona alikiona kikubwa kuliko sefu.

"Nimekukosea," alisema. "Wewe kuliko yule mwenye sefu."

Mchoraji mkuu alikuwa ameshika mdomo kwa vidole vyake vyeusi. Mbona alitazama juu, mama, babu, tena mama. "Mwalimu," alisema, kwa kuwa shuleni hakuruhusiwa kumwita mama, "lakini alijifunza kweli, au siyo? Hakuwa na mtu wa kumshika mkono?"

Mwalimu aliweka chini mfuko wa madaftari. Alitembea mpaka mlangoni, na kwa pumzi moja bawabu aliamini anaondoka. Alirudi na kitabu cha wageni. Alikifungua kwenye ukurasa wa leo, akaisoma ile tarehe na hali ya hewa iliyoandikwa kwa herufi zilizosimama wima, na kidole chake kikapita polepole juu ya herufi hizo kama kinavyopita juu ya kitu kilichopotea na kupatikana. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imerudi kuwa ile ya darasani.

"Darasa. Mtu akikosea kwenye daftari lake, tunamwambiaje?"

"Usifute!" walijibu kwa kiitikio. "Rudia mwanzo, chini yake!"

"Kwa nini hatufuti?"

"Ili tuone tulipotoka!"

"Vizuri. Miaka miwili ina siku ngapi?"

Vidole vilihesabu hewani, midomo ikanong'ona. Mtoto wa kwikwi alitangulia. "Mia saba na thelathini, Mwalimu!"

Mwalimu alimsogelea baba yake, akampa kitabu. Mikono yao ilishika jalada pamoja, na bawabu alihisi kwamba hakuachia haraka.

"Barua kumi na moja ni siku kumi na moja," alisema. "Nyingine ziko wapi? Nina hasira na wewe, Baba, na sijui itaisha lini. Lakini nazitaka. Ahidi hapa, kwa sauti, mashahidi wako hawa."

Watoto walisimama wote bila kuambiwa. Mbona alinyoosha mkono wa kulia juu kama alivyoona mahakamani kwenye katuni, na wengine thelathini na mmoja wakanyoosha yao.

Bawabu aliangalia ile mikono midogo, mingine ina wino, mingine ina jamu ya asubuhi, na ilimjia kwamba Mungu hakumshika mkono kwa mkono mmoja. Alivua kofia, akaiweka juu ya kitabu.

"Mbele yenu nyote, na mbele za Mungu," alisema, "naahidi kwamba kuanzia leo, tarehe kumi na saba Juni, kila jioni kabla ya chakula nitamwandikia binti yangu siku moja ya ile miaka miwili na kumsomea kwa mdomo wangu, nikianza kwa tarehe, hali ya hewa na jina la mahali, mpaka siku zote mia saba na thelathini ziishe, na sitaruka hata moja."